Denis Burkitt

Denis Parsons Burkitt (28 Februari 1911 – 23 Machi 1993) alikuwa daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi nchini Uganda kwa karibu miaka 20. Anajulikana kwa mambo mawili. La kwanza ni kueleza aina ya saratani ya watoto ambayo leo huitwa limfoma ya Burkitt. La pili ni kupima mwendo wa chakula ndani ya mwili, kuanzia mdomoni hadi chooni, na kulinganisha wanakijiji wa Uganda na watu wa Uingereza. Kutokana na vipimo hivyo alidai kwamba magonjwa mengi ya tumbo ya nchi tajiri yanasababishwa na upungufu wa nyuzilishe katika chakula.

Dai hilo la pili ndilo lililomfanya ajulikane hata kwa watu wasiosoma vitabu vya tiba. Ndilo pia lililozua ubishi mkubwa zaidi, kwa kuwa wanakijiji aliowapima hawakutofautiana na Waingereza kwa chakula tu. Walilima kwa jembe la mkono na kutembea kwa miguu kutwa nzima.

Maisha ya awali

Burkitt alizaliwa mjini Enniskillen, katika eneo la Fermanagh ambalo sasa liko Ireland ya Kaskazini. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa serikali ya eneo hilo. Wakati wa mapumziko alichunguza ndege wa bustanini kwake: aliwavisha pete miguuni ili awatambue mmoja mmoja, kisha akachora ramani ya sehemu ambayo kila ndege aliilinda kama yake. Wanaosimulia maisha ya Denis hawakosi kutaja ramani hizo, na wana sababu, maana mwana alikuja kufanya kazi ileile kwa magonjwa.

Akiwa na umri wa miaka 11 alipigwa jiwe usoni, miwani ikavunjika, na jicho lake la kulia likapotea. Mwaka 1929 aliingia Chuo cha Trinity mjini Dublin kusomea uhandisi kama baba yake, lakini baada ya muda mfupi akahamia udaktari, akahitimu mwaka 1935. Mwaka 1938 alipata shahada ya upasuaji ya Edinburgh. Alikuwa Mkristo wa dhati na alitaka kufanya kazi Afrika, ila alipoomba nafasi katika huduma ya tiba ya makoloni alikataliwa kwa sababu ya jicho.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia vilimfungulia mlango huo. Aliingia jeshini mwaka 1941 kama daktari, na miongoni mwa vituo vyake vilikuwa Kenya na Somalia. Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, muuguzi, wakajaliwa mabinti watatu. Vita vilipokwisha aliomba tena kazi ya makoloni, na safari hii akapelekwa Uganda. Huko alipasua wagonjwa kwa miaka mingi akiwa na jicho moja.

Lira: ramani ya mabusha

Mwaka 1946 Burkitt alifika Lira, kaskazini mwa Uganda, akiwa daktari pekee wa eneo kubwa la Lango. Upasuaji uliomjia mara nyingi ulikuwa wa mabusha. Msomaji wa Muheza, Pangani au Tanga mjini hahitaji kuelezwa busha ni nini, kwani pwani ya kaskazini ya Tanzania ni miongoni mwa sehemu ambako ugonjwa huo pamoja na matende umewasumbua watu kwa vizazi.

Burkitt aliona kwamba wagonjwa wengi walitoka mashariki ya wilaya, na wachache sana magharibi. Madaktari wengine wangeishia kushangaa. Yeye alikwenda vijijini, akawapima wanaume, akahesabu, akaweka hesabu hizo kwenye ramani. Mabusha yalifuata mahali palipokuwa na minyoo midogo ya filaria inayoenezwa na mbu. Matokeo yalichapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kazi hiyo haikumpa sifa kubwa, lakini ilimfundisha njia aliyoitumia hadi mwisho wa maisha yake: kuuliza ugonjwa uko wapi na haupo wapi, kabla ya kuuliza unasababishwa na nini.

Mulago na uvimbe wa taya

Mwaka 1948 alihamishiwa Hospitali ya Mulago mjini Kampala. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita kumtazama mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote, juu na chini, kushoto na kulia. Hali hiyo haikufanana na jipu wala na saratani waliyoijua. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, Burkitt alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna hiyo, na alipompapasa akakuta uvimbe mwingine tumboni. Alirudi Mulago akafungua majalada ya zamani, akakuta kwamba watoto wengi walioandikwa kuwa na saratani za viungo mbalimbali walikuwa pia na uvimbe wa taya. Yote yalikuwa ugonjwa mmoja.

Aliueleza kwa maandishi mwaka 1958. Si kwamba hakuna aliyeuona kabla yake. Albert Cook, mwanzilishi wa hospitali ya misheni ya Mengo, alikuwa ameandika habari za wagonjwa wa aina hiyo mwanzoni mwa karne ya 20. Wapatholojia wa Kampala nao walichangia sana, hasa katika kuonyesha kwamba uvimbe huo ni limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga. Alichofanya Burkitt ni kukusanya vipande hivyo kuwa picha moja.

Safari ya mwaka 1961

Ili kujua ugonjwa unakoishia, Burkitt alituma picha za watoto wagonjwa kwa hospitali nyingi za Afrika akiuliza kama wamewaona. Majibu yalichora mkanda mpana katikati ya bara. Oktoba 1961 yeye na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa gari kuukuu kuufuata mpaka wa kusini wa mkanda huo. Kwa muda wa wiki 10 hivi walisafiri maili zipatazo 10,000 (takriban kilomita 16,000) na kutembelea hospitali 57, wakipitia Tanganyika, iliyokuwa karibu kupata uhuru, hadi Afrika Kusini.

Waligundua kwamba mpaka haukuwa mstari wa nchi wala wa kabila. Ulikuwa wa joto, mvua na mwinuko. Karibu na Ikweta ugonjwa ulikuwa nadra juu ya mita 1,500 hivi, na kadiri walivyokwenda kusini, ndivyo ulivyobaki katika nchi za chini zaidi. Mtu anayepanda kutoka Muheza hadi Lushoto anakutana na mpaka wa namna hiyo: joto linapungua, na mbu wa malaria wanapungua pamoja nalo. Uwanda wa Muheza ulijulikana kwa malaria kali ya mwaka mzima, na Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki juu yake, ilikuwa makao ya taasisi ya utafiti wa malaria ya Afrika Mashariki.

Hatimaye malaria ndiyo iliyoonekana kuwa nusu ya jibu. Unguja na Pemba, ambako malaria ilikuwa imepigwa vita kwa nguvu, ugonjwa wa Burkitt ulikuwa nadra ingawa hali ya hewa ni ya pwani ileile. Nusu nyingine ilipatikana London. Mwanasayansi Michael Anthony Epstein alimsikiliza Burkitt akifundisha huko Machi 1961, akaomba vipande vya uvimbe, vikawa vinatumwa kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein pamoja na Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wameona ndani yake virusi ambavyo sasa huitwa virusi vya Epstein-Barr. Vilikuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Vinapatikana karibu kwa watu wote duniani, ila mahali ambapo mtoto hupigwa na malaria mara kwa mara kinga yake hushindwa kuvidhibiti.

Burkitt alijaribu pia dawa mpya za saratani kwa watoto wa Mulago. Baadhi yao walipona kabisa kwa dozi chache, jambo ambalo wakati ule liliwashangaza madaktari wa Ulaya na Marekani.

Kutoka saratani hadi choo

Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966. Mwaka uliofuata alikutanishwa na Thomas Cleave, daktari mstaafu wa jeshi la majini, aliyeamini kwamba sukari na unga mweupe ndivyo vyanzo vya magonjwa mengi ya Wazungu. Wengi walimwona Cleave kama mtu wa mawazo ya ajabu. Burkitt alimsikiliza kwa sababu orodha ya magonjwa aliyoitaja ilikuwa karibu sawa na orodha ya magonjwa ambayo yeye hakuyaona Uganda: kidoletumbo, vijiwe vya nyongo, vifuko katika ukuta wa utumbo mpana, bawasiri, saratani ya utumbo mpana. Katika hospitali za Uingereza hayo ndiyo yaliyojaza wodi za upasuaji.

Alirudia njia yake ya zamani. Kila mwezi alituma fomu za maswali kwa hospitali zipatazo 150, nyingi zikiwa za misheni, akiuliza ni wagonjwa wangapi wa kila aina wameonekana. Majibu yalikubaliana na kumbukumbu zake. Yeye na Trowell wakahitimisha kwamba tatizo halikuwa kile kilichoongezwa kwenye chakula cha Wazungu, yaani sukari, bali kile kilichoondolewa: nyuzilishe, ile sehemu ya mmea ambayo mwili hauwezi kuimeng'enya.

Mfano wake unajulikana katika kila kijiji chenye mashine ya kusaga. Mahindi yakisagwa mazima huwa dona. Yakikobolewa kwanza huwa sembe, nyeupe na laini, na pumba huenda kwa mifugo. Nyuzilishe nyingi za hindi zimo katika hizo pumba. Hata chungwa la Muheza lina habari hiyohiyo: anayefyonza maji na kutema makapi ametema karibu nyuzilishe zote.

Kupima mwendo wa chakula

Burkitt alitaka namba. Pamoja na Alec Walker wa Afrika Kusini na mpasuaji Neil Painter alitumia njia rahisi. Mtu alimeza vipande vidogo vya plastiki vinavyoonekana kwenye eksirei, kisha kinyesi chake chote kikakusanywa katika mifuko yenye saa na tarehe, kikapimwa uzito na kupigwa picha. Saa zilihesabiwa hadi sehemu kubwa ya vipande ilipotoka. Hakuna aliyehitaji kupasuliwa wala kulazwa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1972 katika jarida la Lancet. Kwa Waingereza waliohusiana na jeshi la majini, safari ilichukua wastani wa saa 83 hivi, na kinyesi cha siku kilikuwa gramu 104. Kwa wanakijiji wa Uganda ilichukua takriban saa 36, na kinyesi kilikuwa gramu 470. Wanafunzi wa shule ya bweni nchini Uganda walikaa katikati: saa 47 na gramu 185.

Kwa maelezo ya Burkitt, nyuzilishe hushika maji, kinyesi huwa kikubwa na laini, utumbo husukuma bila kujikaza, na vitu vyenye sumu havikai muda mrefu vikigusa ukuta wake. Kinyesi kidogo na kigumu hulazimisha misuli kukamua kwa nguvu, na kutokana na nguvu hiyo, kwa mujibu wake, hutokea vifuko vya utumbo na bawasiri. Alisisitiza pia kuchuchumaa. Aliona choo cha shimo kinamweka mtu katika mkao bora kuliko kiti cha choo cha Kizungu. Katika mihadhara yake alionyesha picha za vinyesi alivyopiga mwenyewe vichakani Afrika, na wasikilizaji walicheka, ila hawakumsahau.

Chakula au kazi ya mwili?

Tatizo liko katika wale wanafunzi wa bweni. Walikuwa Waganda kama wanakijiji, wakila chakula kilichochanganyika zaidi, na ni rahisi kusema chakula ndicho kilichowachelewesha. Lakini mwanafunzi hukaa darasani wakati mwanakijiji yuko shambani. Mambo mawili yalibadilika kwa pamoja, na kipimo cha Burkitt hakikuweza kuyatenganisha.

Swali la kazi ya mwili na tumbo ni la zamani kuliko Burkitt. Mtu wa kwanza kulichunguza kwa macho alikuwa William Beaumont, daktari wa jeshi la Marekani. Mwaka 1822 alimtibu kijana Alexis St. Martin aliyepigwa risasi, na jeraha likapona likiacha tundu lililofika ndani ya mfuko wa tumbo. Kwa miaka kadhaa Beaumont alitumbukiza vyakula kupitia tundu hilo na kuangalia vikimeng'enywa. Katika kitabu chake cha mwaka 1833 aliandika kwamba kazi nyepesi husaidia mmeng'enyo, na kazi ya kuchosha huuchelewesha.

Utafiti wa baadaye haujampinga sana. Mfuko wa tumbo hutoa maji upesi, mara nyingi sehemu kubwa ndani ya saa moja. Chakula kigumu huchukua saa kadhaa, na chenye mafuta mengi hukaa zaidi. Matembezi ya polepole baada ya kula huelekea kuharakisha mfuko kujimwaga. Mtu akikimbia au akibeba mzigo hadi karibu na mwisho wa nguvu zake, mambo hugeuka: damu huondolewa tumboni na kupelekwa kwenye misuli na ngozi, mfuko hujimwaga polepole, na kichefuchefu au maumivu hufuata. Joto na kupungukiwa maji huzidisha hali hiyo. Mkata mkonge katika jua la mchana anafanya kazi ya aina hii ya pili, na tumbo lililojaa halimfai.

Hata hivyo mfuko wa tumbo hauwezi kueleza tofauti ya saa 83 na 36, kwa kuwa chakula hukaa humo saa chache tu. Muda mwingi hupotea katika utumbo mpana. Huko athari ya mazoezi haijawa wazi kama ya nyuzilishe. Mgonjwa anayelala kitandani muda mrefu hufunga choo, hilo linajulikana katika kila wodi. Lakini watu wenye afya walipopewa mazoezi ya kawaida, majaribio mengine yalionyesha mwendo umeharakishwa na mengine hayakuonyesha badiliko lolote. Pumba zikiongezwa kwenye chakula, kinyesi huongezeka uzito karibu kila mara. Kwa hiyo inaelekea Burkitt alichagua sababu yenye nguvu zaidi, ingawa vipimo vyake vyenyewe havikutosha kuthibitisha hivyo. Kuhusu saratani ya utumbo mpana, mazoezi yana ushahidi wake mzuri: tafiti nyingi zimeona kwamba watu wanaoushughulisha mwili huipata kwa uchache zaidi, hata kama njia yenyewe si lazima iwe mwendo wa chakula.

Wakosoaji

Ukosoaji mwingine ulihusu hesabu za hospitali. Mgonjwa wa kijijini asiyefika hospitali hahesabiwi, na mabadiliko madogo katika utumbo hayaonekani bila vifaa vya kuyatafuta. Pia watu wachache walifikia umri ambao vifuko vya utumbo na saratani yake hutokea.

Kinga ya nyuzilishe dhidi ya saratani ya utumbo mpana imepanda na kushuka. Uchunguzi mkubwa wa wauguzi wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999 haukuiona. Ule wa nchi kadhaa za Ulaya wa mwaka 2003 uliiona. Mwaka 2015 watafiti waliwapa Wamarekani weusi chakula cha vijijini Afrika Kusini, na watu wa Afrika Kusini wakapewa chakula cha Kimarekani. Ndani ya wiki mbili dalili za hatari katika utumbo zilipungua kwa kundi la kwanza na kuongezeka kwa la pili. Jaribio hilo lilifanya kile ambacho Burkitt hakuweza kufanya, yaani kubadilisha chakula kwa watu walewale.

Miaka ya mwisho

Burkitt alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London mwaka 1972, na mwaka huohuo alikuwa mmoja wa waliopewa tuzo ya Lasker ya Marekani kwa kazi ya tiba ya saratani. Mwaka 1975 yeye na Trowell walihariri kitabu kuhusu vyakula vilivyokobolewa na magonjwa, na mwaka 1979 alitoa kitabu kidogo cha nyuzilishe kwa wasomaji wa kawaida ambacho kilitafsiriwa katika lugha kadhaa. Viwanda vya nafaka za asubuhi vilifurahia habari hizo na kuzitumia katika matangazo.

Alipostaafu aliishi Gloucestershire, magharibi mwa Uingereza, akiendelea kusafiri na kufundisha. Alifariki tarehe 23 Machi 1993 mjini Gloucester baada ya kupata kiharusi, akazikwa katika kijiji cha Bisley. Olive na mabinti zao watatu walibaki hai.